Rangi Mbili kwenye Mizinga ya Rukia

Ukurasa huu nimeutoa kwenye daftari langu la zamani, la miaka ile ya ruksa. Naunakili hapa kama nilivyouandika siku ile, sikujipamba.

Alhamisi. Mvua ya mchoo, ile ya baada ya masika, rasharasha tangu alfajiri.

Mvua gani hii isiyojua kunyesha wala kukoma! Inamwaga kidogo, inanyamaza, ukianika kanga tu, hiyo imerudi. Kuni zimelowa, uwanja umelowa, na mie mwenyewe ndani humu kifuani ni kama mtu kanikamulia tambara la maji.

Leo sina raha. Nianze hapo, nisizunguke.

Nimekaa barazani na daftari hili alilonipa mwanangu Rukia. Alinipa niandike habari za nyuki wake. Kwa hiyo mbele naandika nyuki, na nyuma naandika yangu. Upande wa nyuma umekwisha kuupita wa mbele, ndivyo nilivyo, maneno hayajapata kunipungukia. Lakini leo kalamu nzito.

Rukia ni binti yangu, anasoma chuo cha nyuki huko bara. Sidhani kama yuko mtu asiyelijua hilo, maana nimemtangaza kutoka Bweni mpaka Mkwaja. Hapa Mwera hakuna harusi wala hitima niliyokaa mkekani nisimtaje. Wako wanaocheka wakisikia mtu kasomea nyuki. Wacheke! Wao wa kwao wamesomea nini? Mkunga aliyenizalisha alisema kitoto hiki kinatazama kama mtu mzima, na kweli, Rukia hatazami kitu mara moja akaridhika. Atakigeuza, atakinusa, atauliza. Mie nimeishia la saba, lakini la saba letu la zamani, si hili la siku hizi. Nikiandika barua kwa baba yake, aliyekwenda Unguja kutafuta riziki tangu shamba la mkonge lifungwe, watu huko humwazima waisome.

Ndiyo hivyo. Najisifu hata leo, siku ambayo ningetakiwa kujifunika kanga gubigubi.

Nieleze basi.

Rukia ana mizinga minane ya masanduku. Ipo juu ya vigingi nyuma ya nyumba, pale minazi yetu inapoishia na shamba la mkonge linapoanzia. Mkonge haukatwi tena, umetoa milingoti mirefu na maua juu, na nyuki wanashinda huko. Tulisema mkonge uliotunyima kazi sasa unatupa asali. Ikawa hivyo, mpaka masika yaliyopita ilipoingia chaki.

Chaki ni ugonjwa. Ukifungua mzinga unakuta majana, yaani watoto wa nyuki waliomo bado katika vyumba vya sega, wamekufa na kukauka, weupe, wagumu, kama vipande vya chaki ya shule. Nyuki wakubwa wanawakokota mmoja mmoja na kuwatupa mlangoni. Wifi yangu Tatu, dada wa mume wangu, tunaishi naye ua mmoja, alipowaona chini ya mzinga akaniuliza, "Wifi, nyuki wako wamefungua shule?" Nilicheka siku ile. Nilikuwa na cha kuchekea.

Rukia alipokuja likizo akawatazama siku mbili nzima. Kisha akanieleza kwa maneno ninayoyaelewa. Kwamba hiyo ni kuvu, inapenda ubaridi na unyevu. Kwamba tumboni mwa nyuki mna vijidudu wema, ndugu zao wale wanaogeuza maziwa kuwa mtindi. Wakiwa wengi na wenye nguvu, kuvu haipati pa kukaa. Wakipungua, inaingia. Na kwamba vijidudu hao wamo tele katika chavua ya maua ambayo nyuki wameishindilia ndani ya sega ikachacha.

Kwa hiyo akaenda kwa Mzee Petro. Huyu ni Mnyamwezi, aliletwa pwani kukata mkonge angali kijana, shamba likafa yeye akabaki. Ana mizinga ya magogo kule bondeni ambayo haijapata kuona chaki. Akamkatia Rukia kipande cha sega chenye chavua chachu. Rukia akakiponda, akakitia katika maji yaliyochemshwa yakapoa, na asali kidogo, akafunika kwa kitambaa siku tatu mpaka kikanuka uchachu mtamu. Nikamwambia, mwanangu, hii ni togwa. Akacheka, tukaiita hivyo, togwa ya nyuki.

Akaigawa mizinga. Minne akaipaka vifuniko rangi nyekundu, hiyo ndiyo ya kupewa togwa kila wiki. Minne akaiacha vivi hivi, isipewe kitu. Mengine yote yawe sawa. Akirudi na kukuta myekundu imepona na mingine haijapona, atajua togwa ni dawa. Kazi hiyo ndiyo ya kumalizia chuo. Mwalimu wake ataisoma, na ikiwa nzuri, itafundishwa wafugaji wengine wa nyuki.

"Mama," aliniambia kabla hajaondoka, "usiipendelee myekundu."

Nikamjibu kwamba mie mzazi, najua kulea bila kupendelea.

Mola anisamehe.

Togwa ilifanya kazi. Nataka hili liandikwe, hata kama hakuna atakayelisoma. Wiki ya tatu nilipofungua ile myekundu, nimevaa gunia langu la chandarua na moshi wa makumbi ya nazi mkononi, chaki zilikuwa chache, za kuhesabika. Wiki ya tano mzinga mmoja haukuwa nazo kabisa. Na ile minne mingine ilikuwa ileile, leo afadhali, kesho mbaya. Nikaandika yote kule mbele kwa mwandiko wangu mzuri. Niliruka, wallahi! Nilimwambia Tatu, nikamwambia mwalimu mkuu wa shule yetu, nikawaambia kina mama kwenye maulidi, kwamba Rukia kapata dawa ya nyuki ambayo hata wazungu hawana. Hilo la wazungu niliongeza mwenyewe.

Halafu habari zikaja kwamba mwalimu wa Rukia huenda akaja Mwera kuitazama kazi kwa macho yake.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Chaki zilizobaki katika ile mizinga mitatu zikaanza kuniudhi. Chache, ndiyo, lakini mgeni atakuja azione? Nilitaka aikute safi kama sinia la Idi. Na mie nikiona kiumbe mgonjwa, mkono wangu unajua pa kwenda. Unakwenda kwenye kopo la dawa.

Sijapata kuliandika hili. Rukia alikuwa na mdogo wake, Saumu. Ilikuwa miaka ile ya shida, sukari kwa foleni, sabuni kwa kibali, na zahanati ina daktari na meza tupu. Kifua kilimbana Saumu siku nne. Daktari akaniambia, mama, mtoto anataka rangi mbili tu, lakini hapa sina, na Pangani hawana, na Tanga sijui. Rangi mbili tu. Kidonge nusu chekundu nusu njano. Nilimzika Saumu Ijumaa.

Halafu miaka ikageuka, ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa. Hapa Mwera kijana mmoja akafungua duka la dawa baridi, na rangi mbili imo kwenye chupa juu ya kaunta kama peremende, hakuulizi unaumwa nini wala nani kakuandikia. Siku ya kwanza nilipoiona ile chupa nililia mbele ya watu. Tangu hapo sijakaa bila rangi mbili ndani. Kuku akisinzia, rangi mbili. Mtu akijikata, namfungulia kidonge, namnyunyizia unga kidondani. Sikupata kuona kama ni kosa. Nilikuwa nalipiza.

Basi nikawapa nyuki.

Nilifungua vidonge, nikamwaga unga wake wa njano katika maji ya sukari, nikatia kwenye vifuu vya nazi, nikaweka vijiti juu ili wasizame, nikavipanga ndani ya ile minne yenye vifuniko vyekundu. Vidonge viwili kila mzinga, siku tano mfululizo. Dozi kamili! Mie si mtu wa kuacha dozi njiani. Walikunywa wakamaliza, nami nikasimama pale nikijiona mama wa nyuki wote.

Sikuandika kule mbele. Kwa nini sikuandika? Nilijiambia ni jambo dogo. Lakini jambo dogo mtu haliruki akiandika. Moyo ulikuwa unajua.

Wiki ya kwanza hakukuwa na kitu. Wiki ya pili chaki zikaanza kurudi. Wiki hii ya tatu zimejaa mlangoni hadi zinafika chini ya kigingi, na ukiinua ubao wa sega unasikia zinagongana ndani. Ile mizinga ambayo sikuipa kitu haijafika hata nusu ya hali hiyo.

Na Jumatatu nikaletewa barua ya Rukia. Ilikuwa imelala katika sanduku la posta la shule muda wote wa likizo, mwalimu mkuu alipofungua ofisi ndipo akanitumia. Nimeisoma mpaka mikunjo yake imechakaa. Anasema wanakuja Jumamosi hii, yeye na mwalimu wake, nisipate taabu ya chakula, chochote kilichopo. Kisha chini, kama mtu aliyekumbuka akiwa anafunga bahasha, ameandika: "Mama, nasikia huko wafugaji wameanza kuwapa nyuki dawa za watu. Usiwape, hasa rangi mbili. Haiui kuvu. Inaua vijidudu, wabaya na wema pamoja, halafu kuvu inakuta nyumba haina mwenyewe."

Nilikaa chini palepale mlangoni. Tatu akadhani ni tanzia.

"Nani kafa?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna, wifi, ni furaha, Rukia anakuja. Akapiga kigelegele. Akaenda kuwaambia majirani. Sasa Jumamosi wanakuja wote, mwalimu mkuu, kina mama wa maulidi, mchele wa pilau umekwisha kupepetwa. Wote wanakuja kumtazama mwanangu akisifiwa.

Usingizi sijui tangu Jumatatu. Kinachonila si nyuki tu, ingawa nawahurumia. Ni hivi: Rukia atafika, atafungua myekundu, ataona maiti. Atafungua ile mingine, ataona nafuu. Na yeye ni mkweli, ameumbwa hivyo. Atasimama mbele ya mwalimu wake na mbele ya watu wote niliowatangazia mie, aseme, nilikosea, togwa inaua nyuki. Ataandika hivyo. Watafundishwa hivyo. Na togwa haina kosa! Mwenye kosa amesimama pembeni kashika sinia la pilau.

Jumanne niliupa kila mzinga mwekundu togwa mara mbili zaidi. Jumatano mara tatu. Kama mtu anayemwagia maji nyumba iliyokwisha kuanguka.

Na jana jioni nikafanya jambo la aibu kuliko lile la kwanza.

Rangi nyekundu ya Rukia ilibaki kidogo koponi, na brashi yake. Nikafikiri: mizinga inafanana. Kinachoitenganisha ni vifuniko. Nikipaka vifuniko vya ile isiyopewa kitu, na vile vyekundu nikavisugua kwa mchanga mpaka rangi itoke, Jumamosi mwanangu atakuta myekundu ndiyo yenye afadhali. Atasifiwa. Togwa itasifiwa, na ni haki yake isifiwe, si ilifanya kazi kabla sijaiharibu? Nilijiona nasahihisha. Wallahi nilijiona natenda haki.

Nikapaka kifuniko kimoja. Giza likanikuta, nikaacha vilivyobaki nivimalize leo.

Leo asubuhi mzinga wa pili wa ile myekundu umehama. Nilisikia mvumo, nikatoka, nikaona wingu lao linapita juu ya milingoti ya mkonge kwenda bondeni, kwenye rasharasha hiyohiyo. Nyuki hawahami kwenye mvua kama nyumba inakalika. Wameona bora kulowa. Niliita, kana kwamba wana masikio. "Rudini!" Nilibaki na sanduku lenye masega na chaki.

Haikupita saa Mzee Petro akaja. Aliwaona wakipita bondeni, akajua wa wapi.

Huyu ni mtani wangu. Mie Mzigua, yeye Mnyamwezi, na kwa watani hakuna heshima. Ananitukana mbele ya wakwe zangu nami nacheka. Watani ndio wanaokuja msibani kwetu, wakati kila mtu ameinamisha kichwa, wanalala njiani kulizuia jeneza, wanamwigiza marehemu jinsi alivyokuwa mchoyo, wanadai ada, na hawaondoki mpaka wapewe wanachotaka. Na huwezi kumkasirikia mtani. Ukimkasirikia wewe ndiye mshamba.

Akanikuta uani, nataka kuendelea na vifuniko, kopo la rangi miguuni, brashi mkononi, vidole vyekundu.

"Mtani," akasema, "umechinja bila kuniita?"

"Napaka mizinga, mgeni anakuja."

"Ahaa. Mzigua akiona nyumba inaungua, anapaka chokaa."

Akanipita, akaenda nyuma. Nikamfuata na kopo langu. Akafungua lile sanduku tupu, akainua masega moja moja, akayanusa. Akatoa kifuu kilichokuwa kimebaki ndani, ndani yake umekauka ule unga wa njano. Akaupitisha ulimi kidogo, akatema. Mtu huyu amekaa na nyuki tangu hajaota ndevu. Akanitazama.

"Njano hii naijua. Ndiyo mke wangu anayowapa kuku."

Nikafuta vidole vyangu kwenye kanga.

Basi Mzee Petro, na miaka yake yote ile, akavua kofia, akajilaza chini kwenye tope mbele ya mzinga, chali, akaanza kulia kilio cha watani.

"Uwiii! Marehemu alikuwa na watoto elfu! Walikuwa wazima, wanakula maua yao! Mzigua akawapenda! Uwiii, akawapenda kwa kidonge, asubuhi na jioni! Mwenyezi Mungu, ukinichukia nipe maradhi, ila usinipe mapenzi ya Mzigua!"

Wifi Tatu akatoka jikoni na mwiko. Akaona mzee kalala topeni analia, akashika mbavu kwa kicheko. "Ondoka hapo, Mnyamwezi, utatuchafulia tope!" Yeye alidhani ni utani tu. Mie nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na sikujua yapi ni ya nini.

"Siondoki," Mzee Petro akasema. "Nataka ada yangu ya msiba."

"Mpe kuku, wifi, aende zake," Tatu akasema.

"Sitaki kuku. Kuku wake wamelishwa dawa." Akaninyooshea mkono akiwa bado kalala. "Ada yangu ni hilo kopo na hiyo brashi."

Nikasimama kama kigingi. Tatu akanihimiza, mpe basi, rangi yenyewe imekwisha, unamnyima mtani ada? Na kweli, mtani akidai ada mbele ya maiti hanyimwi. Marehemu mama yangu alipozikwa walidai kanga yake ya mwisho na tukawapa. Nikampa kopo. Nikampa brashi.

Akainuka taratibu, mgongo wote tope. Tatu akarudi jikoni akicheka. Ndipo Mzee Petro akaacha kulia, akasema kwa sauti ya chini ambayo sijapata kuisikia kwake.

"Mama Rukia, mimi nikikuona unadanganya, nakucheka. Haki yangu hiyo. Mwanao hana haki hiyo. Yeye ukimwonyesha, ataamini."

Akaondoka na ada yake.

Sasa ni alasiri. Nimebaki na mizinga saba na kifuniko kimoja cha uongo, na rangi imekwisha kukauka.

Nimekasirika? Nimekasirika sana. Nilitamani nimfuate nimwambie, wewe unajua nini, wewe hukuzika mtoto kwa kukosa kidonge. Kisha nikakumbuka kwamba alizika, wawili, miaka ileile, kule kwenye kambi za shamba. Sikumfuata.

Nimelia hapa barazani mpaka Tatu kaacha kuniuliza. Kila njia ninayoitazama imefungwa. Nikinyamaza, mwanangu ataandika uongo akidhani ni kweli, na ataubeba maisha yake. Nikisema, kazi yake ya miezi imeharibika, na aliyeiharibu ni mama yake. Huenda asimalize chuo mwaka huu. Huenda mwalimu akacheka njia nzima kurudi, akisema kazi za vijijini ndizo hizi, mama anawapa nyuki vidonge. Na watu wa Mwera? Watanisema mpaka wajukuu. Mwenye mdomo kama wangu akianguka, kila mtu anasikia kishindo.

Niliwahi kudhani kitu kibaya kuliko vyote ni kukosa dawa.

Nimegeuza daftari. Nimefungua upande wa mbele, ule wa nyuki, pale penye nafasi niliyoiruka wiki tatu zilizopita. Mwandiko si mzuri safari hii. Nimeandika: mizinga minne yenye vifuniko vyekundu imepewa rangi mbili, vidonge viwili kila mmoja, siku tano, katika maji ya sukari. Aliyewapa ni mama. Kabla ya hapo chaki zilikuwa zimepungua, tazama wiki ya tatu na ya tano. Baada ya hapo zimeongezeka. Mzinga wa pili umehama Alhamisi asubuhi. Kifuniko cha mzinga wa sita kimepakwa rangi jana, si chake.

Nimeisoma tena. Mistari sita. Barua za baba yake naandika kurasa nne kusema sijambo.

Kuna jambo limenijia nilipokuwa naandika, sijui ni faraja au najidanganya. Kwamba mtu akiisoma mistari hiyo ataona togwa ilileta nafuu, na rangi mbili ikaiondoa. Labda na hilo Rukia anaweza kulitumia. Labda halifai kitu. Yeye ndiye atakayejua, mie sina elimu hiyo, na nisijifanye ninayo. Mara hii tu nisijifanye.

Lakini hawezi kuyasoma haya daftarini mbele ya mgeni, watu wamejaa uani, Tatu anapiga vigelegele. Hilo nimekwisha kuliamua. Mistari haitoshi. Jumamosi baada ya alfajiri nitatoka kwa miguu mpaka Bweni, nimsubiri wanaposhukia kutoka kwenye pantoni inayovusha mto. Mwalimu wake nitamwomba radhi, nimwambie, baba, niachie mwanangu hatua mbili tatu. Pilau Tatu atapika, mchele si wa kosa.

Kesho bado ipo katikati, nayo ni ndefu. Nitaitumia kusafisha masega na kuwatoa waliokufa. Hilo naweza.

Ninachoogopa ni kitu kidogo sana. Namjua Rukia. Ataruka kutoka kwenye pantoni kabla haijatulia, atanikimbilia na mzigo begani, na kabla sijafumbua kinywa atanipa shikamoo yake, ile ya kuinama kidogo, ambayo hajapata kuniruka nayo hata siku moja tangu ajue kusema.

Niiitikie kwanza, ndipo nimwambie? Au nimwambie kwanza, nione kama atanipa?